Sharubati Iliyoritadi

Shangazi alikuja Birmingham kutoka Tanga mwezi wa sita, wakati miti ya elda imechanua kila mahali ambapo hakuna aliyeipanda: nyuma ya stesheni, ukingoni mwa reli, kando ya mifereji. Huota ovyo kama mnyonyo, lakini maua yake Waingereza huyatengenezea sharubati, na chupa dukani si rahisi. Nikasema tutengeneze yetu.

Tukateremka kwenye mfereji wa Grand Union, pale Small Heath. Shangazi na buibui lake, mfuko wa plastiki mkononi, akigeuza uso kila baiskeli ikipita.

“Mwanangu, watu watasema tunachimba dawa.”

Nikamwambia huku hakuna anayejali ya mtu. Papo hapo bwana mmoja mwenye mbwa akasimama, akatusomesha: tuchume yaliyofunguka karibuni, jua likiwaka, kwani yaliyochakaa hunuka mkojo wa paka. Mbwa wake, muda wote huo, alikuwa ameinua mguu chini ya mti wetu.

Nyumbani ukazuka ugomvi. Maua haya hayaoshwi, maana ladha imo kwenye chavua, na Shangazi huosha hata ndizi kabla ya kuimenya. Tukasuluhishana kuyakung'uta mezani. Wadudu weusi wakatoka mmoja mmoja kumwamkia.

Ikabaki sitriki, ule unga mkali unaosaidia sharubati isiharibike upesi. Duka la dawa walitaka kujua tunaipeleka wapi, kwa kuwa wanaojidunga heroini huitumia kuyeyushia. Shangazi, tasbihi mkononi, akauliza, “Anasemaje huyu?” Nikamjibu imekwisha. Tukaipata Stratford Road, kwa Mpakistani, imepangwa jirani na bizari, na hatukuulizwa lolote zaidi ya pesa.

Sukari kilo moja na ushei, maji lita moja, malimau, sitriki, maua. Tukaviacha vilale, kesho yake tukachuja kwa kanga kuukuu. Chupa zikaenda friji, isipokuwa ile ambayo Shangazi aliipandisha juu ya kabati, akidai baridi inaua harufu.

Maua yasiyooshwa huja na hamira yake ya porini, na hamira ikikutana na sukari kwenye joto haingoji ruhusa. Usiku wa manane kizibo kikapiga dari, povu likashuka ukutani. Shangazi akatoka na leso kichwani, akanusa.

“Hii imeshakuwa pombe. Imeritadi.”

Ikahukumiwa sinki, hapo hapo. Zilizokuwa friji hazikuwa na kosa, na yeye aliyesema zina ladha ya marashi ndiye aliyezimaliza, kwa maji ya barafu, bila kumbakizia mtu.

Nawe ukitaka kujaribu, chukua maua peke yake: majani, vijiti na matunda mabichi ya elda yana sumu. Chupa zote ziende friji, hata mgeni wako aseme nini. Na sitriki, nenda moja kwa moja Stratford Road.