Leso Nyeupe

Anayekaa Bwiru, upande wa ziwani, anaujua ule moshi usio na moto. Saa kumi za jioni unatazama maji, unaona nguzo nyeusi imesimama katikati ya ziwa. Inapinda, inatanuka, kisha inaanza kuja nchi kavu na upepo. Mgeni hudhani boti inaungua. Mwenyeji anakimbilia madirisha.

Ni wadudu wa ziwani. Wakiwa wachanga huishi kwenye tope la chini ya maji, na siku chache baada ya mwezi kuandama hutoka kwa mamilioni kutafuta wenzi. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Wanafuata taa, wanafia chini ya taa, na asubuhi unawakuta wamerundikana kizingitini kama makapi ya mtama. Kuku wanashiba. Mwenye nyumba anatafuta ufagio.

Jioni moja ya Septemba nilikwama Kirumba nilikokwenda kununua dagaa. Niliporudi, taa ya chumba cha kijana wetu ilikuwa inawaka, dirisha liko wazi, na zulia lake la rangi ya maziwa limegeuka kijivu. Lilikuwa zulia la manyoya marefu, tulimnunulia alipoanza darasa la kwanza ili asikae kwenye sakafu ya baridi. Nikachukua ufagio. Wale wadudu wakasagika wakawa unga, na unga ukazama ndani ya manyoya. Usiku ule alikohoa mpaka saa tisa.

Mtoto huyu ana pumu. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya mzazi yeyote anayelala akisikiliza kifua cha mwanawe kikipiga filimbi, asijue aanzie wapi.

Nyumba yetu ipo mteremkoni, kati ya mawe. Bondeni kuna watu wanaponda kokoto kwa nyundo tangu alfajiri, na kuanzia Juni hadi mvua za vuli vumbi jeupe la mawe hupanda pamoja na vumbi jekundu la barabara. Kwa hiyo uchafu wangu ni wa aina tatu: mchanga unaokwaruza nyayo, vumbi laini ambalo jicho halilioni, na wadudu. Laiti ningeuhesabu hivyo kabla ya kwenda dukani.

"Mama," baba watoto aliniambia asubuhi baada ya usiku ule wa kikohozi, "tununue mashine ya kuvuta vumbi. Mengine yatasubiri mwezi ujao."

Jumamosi tukaenda mjini. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu, akatushushia boksi kutoka rafu ya juu. "Wati 2000, mama. Hii inavuta mpaka msumari." Tukalipa laki moja na themanini, tukapanda daladala boksi likiwa mapajani mwetu, na mimi nilikuwa na furaha ya mtu anayempelekea mwanawe dawa.

Wati ndizo zilizotushawishi, na wati hazisemi mashine inavuta kiasi gani. Zinasema inakula umeme kiasi gani. Umoja wa Ulaya ulizuia mashine mpya za nyumbani zinazozidi wati 1600 kuingia sokoni kuanzia Septemba 2014, na Septemba 2017 ukashusha kikomo hadi wati 900. Watengenezaji wakaboresha kinywa cha mashine na njia ya hewa, na watu wa huko wakaendelea kusafisha mazulia yao. Sisi huku tungali tunauziwa namba kubwa. Mashine yangu ikinguruma nusu saa ilimeza uniti nzima, na umeme wa LUKU wa elfu kumi ulinipa uniti 28 hivi. Kila siku nusu saa, mwisho wa mwezi elfu kumi imekwenda na vumbi.

Hata hivyo wiki mbili za kwanza zilikuwa njema. Mchanga ulikuwa unapita kwenye mpira wa mashine kwa mlio wa mahindi kwenye kikaango. Dada anayetusaidia kazi alikuwa anasafisha sebule mara mbili bila kuambiwa. Kisha mwezi ukaandama.

Safari hii nilikuwa tayari. Asubuhi na mapema nikavuta lundo lote la wadudu, la dirishani, la kizingitini, la chini ya kitanda, wakiwa bado wana unyevu wa usiku. Mashine ikawameza kwa dakika tano. Nikaizima, nikairudisha kabatini, nikaenda kazini. Siku ya tatu dada akaiwasha. Harufu iliyotoka ilikuwa ya dagaa walionyeshewa wakiwa bado hawajakauka, na ilitoka na hewa ya moto ikajaa nyumba nzima. Tulikula chakula cha mchana nje, chini ya mwembe. Ndani ya mfuko wa karatasi mlikuwa na donge jeusi, laini, linalochuruzika.

Nikatupa mfuko. Boksi lilikuja na mifuko mitatu, na kufikia Novemba yote ilikuwa imeisha. Nikazunguka mjini Jumamosi nzima, duka hadi duka, nimebeba mfuko mtupu kama kielelezo. Kila mahali jibu lilikuwa moja: mashine zipo, mifuko mpaka uagize Dar. Mashine inayotegemea mfuko usiopatikana mjini kwako haina faida, hata ungepewa bure, na hili sikulijua mpaka nilipolipia nauli yake.

Nikaenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Akaugeuza mfuko, akaupima kwa kidole, akasema, "Nitakushonea wa kitambaa, unafua, unatumia tena." Nikampa foronya mpya ya pamba. Baada ya saa moja mfuko ulikuwa tayari, una mshono mara mbili na kipande cha kadibodi mdomoni. Ulikaa sawasawa.

Baadaye nilisoma kwamba wazo langu lilikuwa na zaidi ya miaka mia. James Murray Spangler, mfanyakazi wa usafi huko Canton, Ohio, alikuwa na pumu, na vumbi la ufagio lilikuwa linamtesa kazini. Akachukua mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya, akatengeneza mashine ya kubebeka ya kufyonza vumbi. Hataza akapewa mwaka 1908, na baadaye akaiuza kwa William Hoover, ambaye jina lake ndilo lililobaki midomoni mwa watu. Nilipofika kwenye neno foronya niliweka kitabu chini. Mtu mwenye pumu na foronya. Nilitamani kumuuliza kama naye alikohoa.

Kwetu mambo yalikuwa hivi. Jumapili saa tisa alasiri, jua limeingia chumbani kwa mshazari, mimi nasafisha lile zulia na kijana amekaa kitandani anachora. Niligeuka kumwambia neno, nikaona. Nyuma ya mashine, pale hewa inapotokea, palikuwa na mkia wa vumbi unaopanda kwenye mwanga wa jua, mwembamba, wa kijivu, usiokatika. Ulipanda mpaka dari, ukaviringika, ukawa unashuka juu ya kitanda. Mashine ilikuwa inachukua vumbi la zulia, inalichuja mchanga wake, na sehemu laini kuliko zote inaipuliza juu ya kichwa cha mwanangu. Nilikuwa nimefanya hivyo wiki tatu.

Usiku ule hakukohoa, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa kitako, mabega juu, anavuta hewa kwa shingo, midomo imepauka. Pampu yake ya pumu tulimpulizia mara kadhaa bila nafuu. Baba watoto akatoka pekupeku kusimamisha bajaji. Hospitali wakamvalisha kile kifuniko cha mvuke wa dawa, na mimi nikawa namshika mkono na kuhesabu pumzi zake mpaka zikaanza kushuka. Karibu na alfajiri daktari akavuta kiti. Hakunilaumu. Aliniuliza nyumbani leo kumefanyika nini, nikamweleza mashine, foronya, wadudu. Akafikiri kidogo.

"Mama, hiyo mashine hewa yake inatokea wapi?"

Dukani tulikuwa tumeuliza bei, wati, urefu wa waya, hata rangi. Hilo hatukuuliza. Hewa yote inayoingia kwenye mashine lazima itoke, na kilichopo njiani, chujio lake, ndicho kinachoamua nini kinabaki ndani. Chujio la HEPA la kweli, kati ya chembe 10,000 za ukubwa wa maikroni 0.3, haliruhusu zaidi ya 3 kupita. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi, kwa hiyo foronya ya pamba mbele ya chembe hizo ni kama wavu wa sangara mbele ya dagaa. Na wale wadudu nao si wa kupuuzwa. Kaskazini mwa Sudan, kando ya Nile, kuna ndugu zao wadogo wa kijani wanaoitwa nimitti, na madaktari wa huko walithibitisha miaka mingi iliyopita kwamba mabaki yao yaliyokauka na kuwa vumbi huamsha pumu. Vumbi la aina hiyo mimi nilikuwa nalisaga kwa ufagio, kisha nalipuliza kwa wati 2000.

Siku ya pili mama mkwe akaja na meli ya kutoka Nansio, kapu la machungwa ya kisiwani Ukerewe mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu yuko wapi?"

Alimkumbatia muda mrefu, sikio limegusa kifua. Kisha akatazama chumba, akainama, akapitisha vidole kwenye manyoya ya zulia. "Hiki kinalala na mtoto?" Hakungoja jibu. Aliliviringisha mwenyewe, yeye na miaka yake sabini, akalitoa nje. Sakafu ikapigwa deki kwa maji, kila pembe, na tambara likafuliwa mara nne.

Jioni akaniita uani. "Sisi kule kisiwani hawa wadudu tunawapangia pa kufia. Nyinyi mmewapangia chumbani." Akaomba taa ining'inizwe kwenye mwembe, chini yake akaweka beseni pana lenye maji. Ndani ya nyumba ilikuwa marufuku kuwasha taa tangu saa kumi na mbili mpaka saa mbili na nusu, siku zote tano za wingi wao. Tulikula gizani, mlango umefungwa, tukisikia ule mvumo wao mwembamba nje. Asubuhi beseni lilikuwa jeusi, uji mtupu, na kuku walilizunguka mpaka likawa tupu. Chumbani kwa mtoto nilihesabu wadudu kumi na mmoja.

Mashine bado niliihitaji. Kuna makochi, kuna godoro, kuna mapazia, na lile vumbi la mawe halifuati taa. Ila safari hii nilikwenda na leso mbili nyeupe kwenye mkoba. Hubert Cecil Booth, Mwingereza aliyeunda mashine ya kufyonza vumbi mwaka 1901, alianza kwa leso pia: aliilaza juu ya kiti cha mgahawa London, akavuta kwa mdomo, akatazama uchafu ulionaswa. Yeye alikuwa anatafuta kinachoingia. Mimi nilikuwa natafuta kinachotoka.

Niliomba kila mashine iwashwe, ivute vumbi la pembeni mwa duka, huku nimeziba tundu la hewa kwa leso. Leso haiwezi kunasa chembe za maikroni 0.3, lakini inaiumbua mashine inayovuja. Ya kwanza iliacha duara la kijivu. Ya pili, iliyoandikwa HEPA kwa herufi kubwa, nilimwomba muuzaji aifungue. Ndani mlikuwa na kipande cha sponji. Nikatoka. Duka la nne lilikuwa na mashine ya pipa, ya kuvuta maji na vumbi kavu, wati 1200, haina mfuko wa kununua kila mwezi, chujio lake lililokunjwa-kunjwa linafungwa kwa mpira usiopitisha hewa na linafuliwa. Muuzaji alikuwa na machujio mengine manne ya akiba kwenye rafu. Nikanunua mashine na machujio mawili. Leso ya pili ilibaki nyeupe.

Kwa wadudu navua chujio la vumbi, naweka la sponji la maji, namimina lita mbili za maji kwenye pipa, kisha navuta. Wanazama humohumo, na dakika hiyohiyo pipa linamwagwa kwenye migomba. Siku za vumbi kavu kijana yuko nje, madirisha yako wazi, na harudi chumbani mpaka saa moja ipite.

Zile leso mbili, yenye duara la kijivu na nyingine safi, zimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Bibi alikuwa amekusudia kukaa wiki, akakaa mpaka Januari. Jioni moja alisimama mlangoni, uso ameuelekeza magharibi ambako ziwa lilikuwa bado lina wekundu kidogo, na uzi mwembamba wa mwezi umetokeza juu yake.

"Umeandama," akasema. Kijana alikuwa ameshaifikia swichi.