Kura Imerudi!

Saa nane za usiku mtoto wa nyumba ya pili alipiga ukelele, "Kura oyeee!", na avenyu yetu nzima, hapa komini ya Tshopo mjini Kisangani, ikaamka kama mtu aliyetekenywa.

Mtu wa Dar es Salaam akisikia hivyo atadhani tume ya uchaguzi imetangaza matokeo. Wala. Kwenye parsele yetu kura ni umeme. Ni lile neno la Kifaransa, courant, lililofika kwetu likiwa limeshapoteza mkia njiani. Kura inakatika, kura inarudi, kura ikija na hasira inaua friji. Ukitafakari utaona maneno hayo mawili hayakufanana bure: kura zote mbili huchelewa, na siku zikifika hakuna anayelala.

Ajabu ni kwamba umeme wenyewe hautoki mbali. Mto Tshopo unapita hapo tu, na kituo cha umeme kimekaa kwenye maporomoko yake tangu enzi za Wabelgiji. Ukisimama darajani unasikia maji yakinguruma kama yenye kazi nyingi. Kisha unarudi nyumbani, mwendo wa miguu, unapapasa gizani kutafuta kiberiti.

Basi usiku ule vyote vilivyokufa vilifufuka kwa pamoja. Baa ya pembeni haizimi redio hata kura ikikatika, kwa hiyo muziki ulilipuka wenyewe, na wa kucheza hakuna. Wamama wa mkesha, ambao tangu jioni walikuwa wakimwomba Mungu kwa sauti ya kawaida, wakapata tena kipaza sauti chao na wakaanza kumwomba upya, labda mara ya kwanza hakusikia. Fundi wa kuchomelea akavaa miwani yake nyeusi, usiku wa manane, akaendelea na geti la mtu.

Mimi nilikuwa na shida moja tu: suruali.

Asubuhi ile ilikuwa Jumamosi, na nilikuwa nimealikwa harusi ya mtoto wa rafiki yangu ng'ambo ya Mto Kongo, Lubunga. Nina suruali moja ya kijivu ambayo naiheshimu. Nyingine zote zina historia. Na pasi ya umeme katika kona yetu ni moja, ya Mama Mapasa. Amezaa mapacha mara mbili, na kwetu cheo hicho hakipiganiwi wala hakistaafiwi. Pasi yake haina mwenyewe tena, ni mali ya umma. Foleni hupangwa tangu mchana, kura ikiwa bado haipo, kwa imani tupu.

Nilikuwa wa tano. Mbele yangu kulikuwa na mwanafunzi wa udaktari na koti lake jeupe, mchungaji, binti mwenye blauzi ya kwaya, na mzee mmoja aliyeleta pazia. Nani anapiga pasi pazia saa nane za usiku? Lakini foleni ni foleni. Tulikaa kwenye benchi uani, waya wa ralonji umepita juu ya kuta mbili na dirisha moja, na Mama Mapasa akatupitishia karanga kwenye sinia. Nitasema ukweli: ningeulizwa saa ile kama nataka umeme usikatike kamwe, ningeomba siku mbili za kufikiri. Mchana watu hawa tunasalimiana mbiombio. Usiku wa kura tunajua nani kaposwa, nani kafeli, na kwa nini mchungaji haongei tena na mwenye baa.

Embe likaanguka juu ya bati. Anayeishi Kisangani analijua lile pigo. Hata aliyezaliwa hapa huruka. Mzee wa pazia aliruka, karanga zikamwagika. Mwembe wenyewe una shina kwa Mama Mapasa na matawi kwetu, na sheria ya avenyu iko wazi: embe lililoanguka kwangu ni langu, na bati lililobonyea ni langu pia.

Zamu yangu ikafika karibu saa kumi. Nikatandika suruali juu ya meza, nikanyunyiza maji kwa vidole, nikaanza na mguu wa kushoto. Ulinyooka mpaka ukawa na ukingo wa kukatia mkate. Nikaugeuza, nikaweka pasi juu ya mguu wa kulia, na kura ikakatika.

Redio, kipaza sauti, fundi, vyote kimya. Kutoka gizani Mama Mapasa akaniambia kwa upole, "Pole, Papa. Ule mwingine uulalie."

Nikaulalia. Nilitandaza mguu wa kulia chini ya godoro, nikajilaza juu yake chali bila kugeuka, kama maiti mwenye adabu. Saa mbili za usingizi hazikutosha, au mimi si mzito kama mama watoto anavyodai. Asubuhi mguu mmoja ulikuwa wa bwana harusi, mwingine wa mlevi wake.

Mvua nayo ikaja. Ikweta iko jirani tu, mvua hapa haiulizi mwezi. Faida yake ni kwamba mvua ya Kisangani ni barua ya ruhusa: ikinyesha, hakuna aliyechelewa, kila mtu yuko mahali alipo. Mwaliko ulisema saa nane mchana. Mpaka saa saba na nusu nilikuwa chini ya baraza, nakula lituma na sombe, nikiwaza kuwa ndizi zilizotwangwa zikiwa bado moto, mvua ikigonga bati, zinaweza kumfanya mtu asahau harusi, hata ya kwake. Ilipokatika, nikatoka mbio.

Pikipiki zilipita zote zimejaa. Akasimama kijana wa toleka.

Kwa wasiojua: toleka ni baiskeli ya kubebea abiria, yenye kiti kilichowekwa sponji nyuma ya dereva. Jina ni la Kilingala, maana yake "tupite". Kisangani ndivyo ilivyo, lugha zimekutana kama mito. Kiswahili kilishuka na watu wa Tippu Tip, yule Mzanzibari aliyefanywa gavana wa hapa mwaka 1887, na Kilingala kikapanda na mto kutoka magharibi. Sisi tunamwita dereva kwa kimoja na kumlalamikia kwa kingine. Miaka ya vita, mafuta yalipoadimika, toleka ndizo zilizoubeba mji, mihogo na wagonjwa pamoja. Leo pikipiki zimezinyang'anya barabara. Mimi huzipanda bado, kwa sababu ni rahisi mfukoni na kwa sababu dereva wa toleka huongea. Wa pikipiki huniachia upepo.

Huyu aliongea. Alinieleza habari za mpira wa mji mzima, na nilikuwa nimeinama mbele kumsikia vizuri wakati mguu wangu wa kulia, ule wa mlevi, ulipoingia kwenye njiti za gurudumu la nyuma.

Baiskeli ilisimama. Mimi nilisimama nayo, nusu hewani.

"Papa, bakia vile vile! Usivute!" Akashuka, akachuchumaa, akachunguza gurudumu kama daktari. Watu wakakusanyika, maana mji wetu hauna mtu asiye fundi. Mmoja akasema gurudumu lizungushwe nyuma. Mwingine akasema nivue. Muuza mikate, beseni kichwani, akasema mume wake naye alipatwa na hivyo hivyo, halafu akanyamaza bila kutuambia yaliyompata mume.

"Tunakata," kijana akaamua. Alitoa wembe kwenye pochi yake.

"Kidogo," nikamwambia.

"Kidogo, Papa."

Alikata pande la viganja viwili. Nikawa huru. Nikajitazama: kushoto suruali, kulia kaptura iliyosita. Kijana naye akatazama, na nikaona kwenye uso wake kitu nilichokiogopa zaidi ya wembe, nacho ni huruma.

"Papa, haifai kwenda vile ku harusi. Tusawazishe."

Kuna wakati katika maisha mtu anajua kabisa kwamba neno linalofuata lingepaswa kuwa hapana. Nilisema ndiyo. Alisawazisha kushoto, kukazidi kulia. Akasawazisha kulia. Muuza mikate akaweka beseni chini ili aamue. Tulipomaliza, suruali iliishia juu ya vifundo vya miguu, mbali sana juu yavyo, lakini sawasawa, hilo siwezi kumnyima. Na ule ukunjo wa kulia ulioshinda godoro ulikuwa umebaki barabarani na vitambaa. Alikataa nauli. Nikampa, akakataa tena, nikampa nusu, akapokea haraka.

Kwenye bichi, mahali pa kuvukia, mtumbwi wa injini ulikuwa unajaza. Mto Kongo ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua. Upande wa Lubunga maji yalikuwa yamepanda, mtumbwi haukufika pakavu, na waalikwa wenzangu wote, mabwana wenye suruali ndefu zilizopigwa pasi ya kweli, wakaanza kuinama, kukunja, kuyumba, kushikana mabega. Mimi nilivua viatu, nikashuka, nikapita katikati yao kama korongo.

Nilifika saa tisa na robo. Harusi haikuwa imeanza. Mjomba wa bibi harusi, mgeni rasmi, alikuwa ametua kwa ndege kutoka Kinshasa jana yake, na saa yake ya mkono ilikuwa bado inasoma Kinshasa, ambako wako nyuma yetu saa moja. Alikuwa ameingia muda mfupi kabla yangu, ametulia, akiwashangaa watu wa Kisangani kwa kuwa na njaa mapema. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Kwa saa ya mjomba, mimi nilikuwa nimechelewa dakika kumi na tano tu, karibu mapema.

Alikuwa mtu wa kuvaa, wale wa Kinshasa wenye kuweza kukutajia duka la kila kitu walichonacho mwilini. Aliponipa mkono macho yake yalishuka polepole, yakafika kwenye vifundo vyangu, yakakaa. Nilianza kutunga maneno ya kujitetea.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "hii kukata, unakatiwa wapi?"

Nilimwambia kuna kijana Tshopo, hana kibao, ila ukikaa barabarani atapita. Aliandika.

Nilirudi nyumbani usiku, avenyu nyeusi tii, nikakanyaga embe mlangoni. Nilikuwa nimeshavua nguo, suruali iko kwenye msumari, pale mtoto wa nyumba ya pili alipopiga ukelele wake. Redio ya baa ikalipuka. Na juu ya ukuta, kabla hata taa yangu haijatulia, sauti ya Mama Mapasa:

"Papa! Leta ile suruali, jana hukumaliza. Wewe ndiye wa kwanza."