Sifa za Mkono wa Birika

Wakarimu wamesifiwa vya kutosha, na wengi wao sifa hizo walizilipia. Bahili hajawahi kulipia sifa, ndiyo maana hana. Leo nataka kumsifu bure, bei anayoipenda kuliko zote. Wala simsifu bahili wa hadithini. Ninaye mmoja nyumbani, nimeolewa naye.

Nianze na Kilwa, maana dhuluma yenyewe ilianza zamani. Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani baada ya sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavua, akampa. Mji ukamsifu. Mrithi wake akazikomboa nguo zile kwa watumwa 10, naye sultani aliposikia jinsi anavyosifiwa, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipokufa akatawala nduguye Daudi, mtu wa namna nyingine kabisa: mwombaji akija, anajibiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Tangu hapo Daudi anasemwa vibaya. Mimi nimepiga hesabu. Ukarimu wa mmoja uligharimu binadamu 20 kwa nguo za mtu mmoja, na hao 20 hawakuulizwa. Ubahili wa mwingine haukumgharimu mtu chochote, ila mwombaji alipoteza hatua zake za kwenda na kurudi.

Sasa turudi Dar es Salaam. Nyumbani kwetu Ponda Mali Kufa Kwaja ameolewa na Akiba Haiozi. Jumatatu hadi Alhamisi ndoa inakwenda vizuri tu, maana hakuna cha kuponda wala cha kuweka. Vita huanza Ijumaa jioni, joto limeganda kwenye mapazia, nami nikatamka kwamba kesho tutoke. Mimi hapo nimeshaona mchanga mweupe na madafu. Yeye ameona nauli ya watu wanne, kwenda na kurudi.

Usimlaumu. Alilelewa na serikali iliyokuwa mkono wa birika kuliko yeye. Katika miaka ya shida ya mafuta, magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana, ili nchi iokoe fedha za kigeni. Hebu fikiria: kukaa nyumbani wikendi ulikuwa uzalendo. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na redioni watu wanahimizwa kufunga mkanda. Mkanda wake haukulegea tena. Mimi nilipata akili wakati wa Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, maduka yamejaa na mitumba imefika; kwangu mimi kununua kitu usichokihitaji ni sehemu ya uhuru. Kwa hiyo ukitusikia tunabishana juu ya chumba chenye kiyoyozi, usidhani ni mke na mume. Ni awamu ya kwanza na awamu ya pili.

Nilijaribu kumwendea kwa sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume wajibu wa kumpatia mkewe malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Aliisoma kwa umakini ambao hajawahi kuupa ujumbe wangu wowote wa simu, kisha akaniomba nimwonyeshe bichi iko kifungu gani. Haimo. Nikasema basi twende angalau Kigamboni, akakubali haraka mpaka nikaogopa. Hoja yake ni kwamba pantoni ya Magogoni ni shilingi 200, na kwa shilingi 200 umevuka maji, umepata upepo, umeuona mji wote kwa nyuma na meli kubwa kwa mbele. Huo, anasema, ni utalii wa majini. Siku akiwa na mapenzi mengi tunarudi na kuvuka tena.

Asiyeishi na bahili hajui raha ya kuisubiri safari. Mimi safari yangu huanza ninapopanda gari. Yake huanza Jumatatu. Hupigia nyumba za wageni zote za Bagamoyo: mara ya kwanza kama mteja, mara ya pili kama mwalimu mwenye wanafunzi 40, mara ya tatu kama mtu aliyekosea namba lakini madhali amepokelewa, hivi chumba hapo ni kiasi gani? Kufikia Alhamisi anajua godoro la wapi limebonyea na mhudumu wa wapi anaumwa jino. Nani kati ya wakarimu amewahi kuujua mji namna hiyo kabla ya kuukanyaga?

Bagamoyo penyewe alinishinda kwa historia. Nilitaka chumba kinachotazama bahari. Akanipeleka kwanza misheni ya Wakatoliki, mahali ambapo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya kina Chuma na Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka ndani kabisa ya bara, safari ya miezi. Tulisimama pale kwa heshima. Kisha akanong'ona kwamba mtu mashuhuri kama yule alilala Bagamoyo usiku mmoja, tena kanisani, wala hakudai chumba kinachotazama bahari. Nikamwambia marehemu hakuwa na uchaguzi. Akanijibu kwamba ndiyo maana safari yake ilikwenda bila ugomvi.

Lakini utukufu wa mtu huyu uko kwenye njia ya Morogoro. Mwaka 2024 treni ya mwendokasi ilipoanza kubeba abiria, nauli ya kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ikiwa shilingi 13,000, nilijua nimeshinda. Treni safi, kiti chako kina namba, unafika chini ya saa mbili. Alichukua kalamu. Akagawa 13,000 kwa saa unazokaa ndani ya treni. Akagawa nauli ya basi kwa saa unazokaa ndani ya basi, foleni ya Kimara na Kibaha ikiwemo. Ikadhihirika, kwa karatasi, kwamba kila saa ya basi ni nafuu mno kuliko saa ya treni. Treni inakuuzia safari fupi kwa bei kubwa! Akaongeza kwamba stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya mji, na kutoka hapo bado kuna bodaboda, wakati basi linakushusha Msamvu. Hilo la pili lina ukweli kidogo, na ndilo lililoniudhi zaidi.

Tukapanda basi. Na hapa ndipo ninapolazimika kusifu bila kejeli, au kwa kejeli kidogo tu. Mdogo wa watoto wetu, ambaye miguu yake inagusa sakafu bila shida, alipakatwa. Hotpoti la wali lilikaa kati ya magoti yangu. Konda akadai nauli ya mtoto, mume wangu akadai huyo bado ni wa kupakatwa, abiria wakagawanyika pande mbili, bibi mmoja wa kiti cha nyuma akatoa ushahidi kwamba watoto wa siku hizi hurefuka mapema kwa sababu ya kuku wa kisasa. Mpaka Mlandizi basi zima lilikuwa familia moja yenye mgogoro. Chalinze wachuuzi wakajaa madirishani na mayai na korosho. Mume wangu akauliza bei ya kila beseni, akanunua yai moja, na chenji yake ikabaki mikononi mwa kijana aliyekuwa anakimbia sambamba na basi huku akiitafuta mfukoni. Basi zima lilipiga kelele dereva apunguze mwendo. Akapunguza. Chenji ikapatikana. Watu walishangilia kana kwamba Taifa Stars wamefunga.

Baadaye nilikwenda Morogoro kwa treni na shoga zangu, kwa pesa zangu mwenyewe, kistaarabu. Nililala kuanzia Pugu nikaamka tumefika. Ukiniuliza nisimulie safari hiyo, naweza kukuambia kwamba kiti kilikuwa laini. Starehe ina tabia hiyo: inaondoa kila kitu kinachokusumbua, na ikishamaliza haijabaki habari. Yule kijana wa Chalinze bado anasimuliwa kwetu kila Idi.

Mafanikio ya basi yalimpandisha kichwa, tukaja kwenye jambo la mbuga. Nilitaka Mikumi: gari la kukodi, kiingilio, chakula cha mchana chini ya mti. Yeye akaniuliza kama najua kwamba barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inakatiza ndani ya hifadhi hiyo kwa kilomita kama 50, na kwamba tembo hawajui kama unayewatazama ana risiti. Kwa hiyo tulisafiri tukiwa watalii wa dirishani. Alikuwa amechunguza upande gani wa basi una wanyama wengi zaidi. Hata matuta, yaliyowekwa ili magari yasiwagonge wanyama, aliyasifu kama huduma ya serikali kwa abiria wa kawaida: basi linapopunguza mwendo pale, hapo ndipo unaangalia kwa nguvu. Twiga tuliwaona, swala tuliwaona. Tembo nilimwona kwa muda unaotosha kutamka nusu ya jina lake.

Fedha za simu zinastahili neno. Gharama za wikendi tunachangia, nami hutuma sehemu yangu kwa simu, tumekaa kochi moja. Simu yake ikilia hutazama kiasi, ananigeukia kwa huzuni, na kuuliza mbona sikuweka ya kutolea. Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza, nchi nzima ilinung'unika, na yeye alikuwa na uso wa nabii ambaye hatimaye unabii wake umetimia. Septemba ilipopunguzwa kwa asilimia 30, kwetu tulisherehekea kwa chai ya rangi. Andazi lilijadiliwa, halikupitishwa.

Kuna wanaodhani wanandoa wenye mikono tofauti wanapaswa kukutana katikati. Nimewaona waliojaribu. Wanachukua chumba cha bei ya kati ambacho mmoja anakiona ghali na mwingine anakiona kibovu, wanakula samaki wa saizi ya kati, na Jumapili jioni wanarudi wote wawili wamenuna nusu nusu. Sisi hatukutani katikati. Tunashindana mpaka mmoja aanguke, na anayeanguka anakwenda kufurahia ushindi wa mwenzake akiwa na haki kamili ya kulalamika njia nzima. Zanzibar nilishinda mimi: viti vya juu kwenye boti, ambako alikaa bila kuegemea, kana kwamba kuegemea kuna malipo ya ziada. Jioni Forodhani akalipiza kisasi. Alizunguka meza zote akiulizia mishkaki, akaonjeshwa pweza hapa, ngisi pale, muhogo kule, na alipomaliza duru alikuwa ameshiba na hajafungua pochi. Kisha akanunua bakuli moja la urojo na kuomba vijiko viwili. Wageni waliotuona wakachombeza kwamba sisi bado tuna mahaba. Sikuwakatalia, urojo ulikuwa mtamu.

Nikiri kwamba ustadi wake una mpaka, na mpaka huo ni ndugu. Kanuni yake kuu ni kwamba mji wenye ndugu hauna haja ya nyumba ya wageni. Kwa sababu hiyo anawajua ndugu ambao hata wakwe zangu walikuwa wameshawasahau: binamu wa Kilosa, shemeji wa Muheza, shangazi wa Ngamiani pale Tanga. Anawapigia simu, anawauliza afya, anahudhuria misiba yao, yote katika kulinda vitanda. Wenye mikono mikunjufu kama mimi hulipa hoteli na kuwatumia ndugu salamu.

Juzi tulikwenda kwa shangazi huyo wa Tanga, malazi bure. Mikono mitupu lakini haiendi kwa shangazi. Ikanunuliwa sukari kilo 5, mchele, mafuta, mche wa sabuni, doti ya kanga, na pipi za watoto ambao idadi yao ilibadilika kila chakula kilipopakuliwa. Siku ya kuondoka nilimwona kwa macho yangu akimshika shangazi mkono kwa namna ile ya kuficha noti kiganjani, na mkono ulikaa muda mrefu. Njiani nilijumlisha kimyakimya. Tungeweza kulala Raskazone, chumba kinachotazama bahari, kifungua kinywa kikiwemo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, naye daftari lake halina mchezo. Hata ile 200 ya pantoni imo, na tarehe yake. Nikalifungua ukurasa wa Tanga. Nauli imeandikwa. Maji ya kunywa yameandikwa. Mbele ya malazi kuna sifuri kubwa, imekolezwa. Nilipomuuliza zile kilo 5 za sukari, ile doti ya kanga na kile kilichobaki kiganjani kwa shangazi viko ukurasa gani, alisema kalamu ilimwishia wino tukiwa Segera, na haingekuwa busara kununua nyingine kwa shilingi 500 kwa ajili ya mistari mitatu tu.