Arusha hadi Natron kwa Wikiendi Moja: Vituo Sita, Bingwa Mmoja, Kubisha Ruksa

Jaza tangi Ijumaa, toka Arusha Jumamosi alfajiri. Ukifika Mto wa Mbu nunua ndizi nyekundu, kisha kata kona kaskazini. Mbele ni miba, vumbi na ukingo wa Bonde la Ufa mkono wa kushoto. Tunaanzia mkiani.

6. Shimo la Mungu. Tambarare, tambarare, tambarare, mara ardhi imetoboka! Chungulia, piga picha, washa gari. Hukumu: dakika kumi zinatosha, na hakuna tuzo kwa anayesogea zaidi ukingoni.

5. Magofu ya Engaruka. Wakulima waliishi hapa hadi karne ya 18 hivi, wakimwagilia matuta yao ya mawe kwa mifereji. Hukumu: wewe uliyekuja na chupa moja ya maji, wale wazee wamekushinda kwa mbali.

4. Ol Doinyo Lengai. Haya, anza kufoka. Najua ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya natrokaboniti. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, wakati ya volkano nyingine mara nyingi huvuka 1,000. Hutiririka nyeusi kama oili chafu, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Maajabu matupu! Ila kupanda kunaanza usiku wa manane, mwinuko mkali juu ya majivu, na Jumatatu bosi anakusubiri. Hukumu: mfalme wa kutazamwa ukiwa chini, chai mkononi.

3. Ziwa Natron. Maji yakiingia hayana pa kutokea ila kuwa mvuke, ndiyo maana magadi yamejaa. Vijidudu wanaopenda chumvi hulipaka wekundu. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote huzaliwa hapa, maana magadi yanamkatisha tamaa fisi. Hukumu: wodi ya wazazi yenye ulinzi mkali kuliko zote nchini.

2. Nyayo za Engare Sero. Zaidi ya 400, za binadamu kama sisi, kwenye majivu ya volkano yaliyoganda maelfu ya miaka iliyopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 unaona humo kundi la watu 17 waliotembea pamoja: wanawake 14, wanaume wawili na kijana mmoja wa kiume. Shabiki wa nyayo za Laetoli atasema zile zina miaka milioni 3.6. Sawa, lakini zile zimefukiwa ili zisiharibike. Hizi unaziona kwa macho yako. Hukumu: kina mama ndio waliotangulia kwenye safari za makundi.

1. Korongo la Engare Sero. Umekaangwa na jua tangu asubuhi, halafu unaingia katikati ya kuta za mwamba, miguu ndani ya mto, na kuna kivuli! Unavuka maji, unashika jiwe, unavuka tena, mpaka maporomoko yakumwagikie kichwani. Maji baridi, safi, katika nchi ambayo hata ziwa huwezi kulinywa. Tena mto huu huu ndio unaokwenda kuishia kwenye magadi ya Natron. Hukumu: bingwa, bila penalti.

Wa timu ya Lengai, leteni hoja. Ila kwanza mseme: nani kati yenu alishuka mlimani bila kukimbilia korongoni kuoga?