Mchawi wa Kiunoni

Sumbawanga hakuna mgongo unaouma bila mtuhumiwa. Ukishika kiuno tu pale soko la Mandela, muuza maharage atakuuliza umegombana na nani. Mji wetu umebebeshwa sifa ya uchawi Tanzania nzima, basi hata kiungo kikilia watu hutafuta mkono wa mtu. Wasiotaka habari za wachawi hulaumu baridi, maana tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na Julai ya huku si ya kuchezea. Waliobaki hulaumu godoro.

Mimi mgongo ulinikamata shambani, nje kidogo ya mji, tukitengeneza ntumba. Kwa asiyeijua, kazi ni hii: mvua zikishakolea na majani yakisimama, unakata udongo pamoja na majani yake, unaupindua, unaupanga duara, majani yakibaki ndani, mpaka kinainuka kichuguu cha kufika magotini. Majani yanaozea humo, na msimu unaofuata unakibomoa na kusambaza mbolea ya bure. Wafipa, wenyeji wa Sumbawanga, walilima hivi kabla mfuko wa kwanza wa mbolea ya chumvichumvi haujapanda huku. Ni kilimo cha akili sana, ila kinamtaka mtu ainame kutwa, na ajira yangu inanitaka nikae kitini kutwa.

Chai ikiwa inakaribia, nikapiga chafya. Nikaganda palepale nimeinama, mkono mmoja gotini, mwingine kwenye mpini. Kupanda sipandi, kushuka sishuki. Shamba lenyewe limepakana na njia ya kwenda kanisani, na Ufipa mtu akikukuta umeinama namna hiyo anajua anaamkiwa. Bibi mmoja akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akasimama kuulizia nyumbani, mazao na mifugo. Waliomfuata nao wakapokea heshima ileile. Hadi shangazi anakuja kunikongoja, nilikuwa nimeshasifiwa malezi njia nzima.

Jioni baraza likakaa. Shangazi alitaka nichuliwe kwa mafuta ya nyonyo. Jirani yetu, fundi seremala, akasema huu ni mkono wa mtu, akaanza kumtaja kikongwe wa nyumba ya tatu, ambaye kosa lake ni macho mekundu ya moshi wa jikoni. Tukamkatiza. Kwa macho ya namna hiyo vikongwe wameuawa katika nchi hii, na mgongo wangu hauna thamani hiyo.

Hospitali nikapokelewa na dada wa mazoezi tiba. Nikamgeuzia mgongo, hakuushughulikia. Akanilaza chali ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. "Kaka, kumbatia goti moja kifuani." Nikalikumbatia. Paja la pili likainuka lenyewe na kubaki hewani. Akalisukuma kwa vidole, likakataa. "Basi mchawi wako huyu hapa," akasema, akinibonyeza mbele ya nyonga mpaka nikataja majina ya marehemu.

Kuna msuli, akanieleza, unaoanzia kwenye pingili za kiuno, unapita ndani ya nyonga na kushika juu ya mfupa wa paja. Ukikaa kitini siku zote unazoea ufupi. Ukisimama unadaiwa urefu usiokuwa nao, unavuta pingili mbele, na kiuno kinabinuka. Misuli ya nyuma ya mapaja nayo ikikaza, ukiinama nyonga hazizunguki vya kutosha, mzigo wote unaangukia kiuno. Misuli ya mgongo ikizidiwa hujikaza kujilinda, na ulinzi huo wenyewe ndio unaokutoa machozi.

Nikaulizia cheti cha kulala wiki nzima. Akacheka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995, uliofanywa kwa wafanyakazi wa mji wa Helsinki huko Ufini, ulionyesha kwamba walioendelea na shughuli zao kadiri maumivu yalivyowaruhusu walipona haraka kuliko walioamriwa kulala siku 2. Kwa hiyo nikaandikiwa kutembea, na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye kanga. Kisha piga goti moja chini, mguu mwingine mbele, sukuma nyonga mbele bila kubinua kiuno, hesabu hadi 30, badili. Ukilala chali, pitisha kanga kwenye unyayo, vuta mguu ulionyooka mpaka nyuma ya paja pavutike, pasiume. Shambani badili mkono unaotangulia kwenye mpini, na usimame wima kila umalizapo ntumba. Lakini miguu ikilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, achana na kanga, kimbilia hospitali saa ileile. Homa na kukonda navyo visisubiri. Kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo.

Mazoezi yamenifaa, ila Sumbawanga yana gharama zake. Nikipiga goti sebuleni, mgeni anaitikia marahaba. Basi la Mbeya likisimama Laela, konda ananiuliza nashuka au nasali. Na juzi fundi seremala, kiuno kimemkamata kwenye randa, kaja kuninong'oneza nimfundishe, ila tukafanyie nyuma ya nyumba yake, usiku, watu wasimwone.

Nikamwambia mchana kweupe, fundi, tena barazani. Wanaume wawili vifua wazi, wamepiga magoti gizani nyuma ya nyumba, Sumbawanga hii? Viuno vitapona, lakini mji itabidi tuhame.