Shajara ya Mtu Aliyeamua Kujitegemea
Kavimvira, 2024

Jumatano, 14 Agosti
Radio Okapi imesema usiku huu kwamba Shirika la Afya Duniani limetangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Aina mpya ya virusi iligunduliwa Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu, Septemba mwaka jana. Mkoa ni huu huu wetu. Nimemwambia mama watoto kwamba kuanzia kesho nyumba hii itajitegemea kwa afya na kwa habari. Ameuliza kama kujitegemea huko kunahitaji pesa. Betri za radio zimekwisha kabla sijajibu.

Alhamisi, 15 Agosti
Nimenunua betri, sabuni, klore na kipimajoto cha kuweka kwapani. Motari aliyenirudisha alikuwa na habari nyingi kuliko radio: mpaka unafungwa saa kumi, Gatumba hakupitiki, na dawa ya mpox ni ndimu. Nikamwuliza amesikia wapi. Kwa abiria. Na abiria alisikia wapi? Akasema abiria ndiye aliyekuwa akimwuliza yeye.

Saa kumi nimekwenda bariyeri kuhakikisha. Mpaka uko wazi, akina mama wanavuka na mabeseni yao. Bei ya ndimu imepanda.

Jumamosi, 17 Agosti
Salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Tulipomaliza kuzibua mtaro, shefu wa avenyu alitueleza vizuri kabisa: mpox hupita kwa kugusana na mgonjwa, vidonda vyake, nguo zake na matandiko yake, kwa hiyo tuache kupeana mikono. Kisha akatushukuru kwa kazi, akampa kila mmoja mkono, akianza na wazee.

Jumatatu, 19 Agosti
Bomba limekauka. Bidoni ziko kwenye foleni, wenyewe wako majumbani. Foleni ya bidoni ina adabu kuliko ya watu.

Mpwa wangu anayesomea uuguzi amenisimulia utafiti uliofanywa hapa hapa Uvira na kuchapishwa 2015. Watafiti walilinganisha siku za maji ya bomba na wagonjwa waliolazwa. Siku moja bila maji, wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu huwa zaidi ya mara mbili katika siku 12 zinazofuata, ukilinganisha na maji yakitoka vizuri. Sababu haihitaji shule: watu wanashuka ziwani. Nimekwenda kwenye kalenda ya ukutani nikazungushia tarehe 31. Mama watoto ameuliza ni harusi ya nani.

Jioni Mama jirani amekuja kuazima klore. Klore haiazimwi, maana hairudi. Nimempa, kwa kuwa kipindupindu cha jirani nacho hakibishi hodi. Nyuma yake walikuwa wamesimama wengine na bidoni.

Alhamisi, 22 Agosti
Imeenea kwamba kwetu watu wanapimwa homa. Kipimajoto kimetoka asubuhi, kimerudi jioni kikinuka ndagala. Nimekiosha kwa sabuni na kukirudisha kwenye kisanduku chake, kikaombwa tena kabla ya chakula.

Muzee wa nyumba ya kona amepata 36,8. Amekasirika. Anasema yeye anaumwa zaidi ya hapo.

Jumapili, 25 Agosti
Nimeamka na vipele mkononi, vimejipanga mstari. Nimejitenga jikoni uani, kama radio inavyoelekeza: mahali pa peke yangu, sahani yangu, taulo langu. Mama watoto amehamishia masufuria chini ya mwembe bila kusema neno.

Kufikia saa tano habari imeshafika kanisani. Ibada ilipomalizika walikuja wote. Kumwona mgonjwa ni wajibu. Kumwona mgonjwa aliyetengwa ni wajibu wenye mvuto zaidi. Waliingia jikoni kwa zamu, kisha bila zamu. Shemasi aliniombea, mkono wake juu ya vipele. Sijawahi kukaa na watu wengi namna ile tangu harusi yangu.

Jumatatu, 26 Agosti
Kituo cha afya. Muuguzi ameuliza habari za homa, akapapasa shingo na kinena kutafuta tezi zilizovimba, akauliza kama nimekaa karibu na mgonjwa. Kisha akauwasha mwanga wa simu na kuutazama mkono kwa muda.

“Papa mwalimu, umeumwa na kunguni. Godoro umelipata wapi?”

Godoro ni la shemeji, aliyehamia kwetu mwaka huu baada ya ziwa kupanda hadi sebuleni kwake. Shemeji ndiye aliyenisindikiza, na alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi. Nimesema sikumbuki.

Njiani shemeji amesema kunguni siku hizi wanatoka sokoni.

Jumatano, 28 Agosti
Maji yamerudi saa nane za usiku, kwa kelele. Mji mzima umeamka kukinga. Asubuhi tumepeana habari ya jambo ambalo kila mtu alilishuhudia.

Jumamosi, 31 Agosti
Usiku Mama jirani ameita juu ya ua. Mtoto wake mdogo anaharisha maji kama yaliyooshea mchele, macho yameingia ndani. Ninayo karatasi ya maelekezo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sukari kwangu hapana. Imetoka kwa Muzee wa kona, ambaye ndiye wa mwisho mtaani ningedhani ana sukari. Chumvi ni ya shemeji. Lita tumeipima kwa chupa ya mafuta iliyosuguliwa, maji ni ya Mama jirani mwenyewe, yenye klore ya wiki iliyopita. Mimi nimeshika karatasi na tochi.

Tumemnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, akitapika tunangoja kidogo tunaanza tena. Hatukungoja kuche: mchanganyiko huu unampa mtoto muda wa kufika kwa waganga, hauwi mbadala wao. Motari wa ndimu ndiye aliyepatikana. Amewapeleka mama na mtoto hadi kituo cha kipindupindu huku chupa ikiwa mkononi, akakataa nauli. Akarudi kunieleza kwamba ndimu ingefanya kazi haraka zaidi.

Jumanne, 3 Septemba
Mtoto amerudi, anadai bugali. Mama jirani ameichukua radio yangu ili ajue kinachoendelea. Sasa napata habari juu ya ua, saa moja na saa tatu. Huongeza kidogo pale anapoona taarifa imepungua.

Alhamisi, 5 Septemba
Juu ya ua: dozi za kwanza za chanjo ya mpox, karibu 100,000, zimetua Kinshasa leo. Mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa huu kwa binadamu alipatikana humu humu Kongo mwaka 1970, mtoto wa miezi tisa.

Muzee wa kona amekuja akiwa amekunja mkono wa shati hadi begani. Nimemweleza kwamba Kinshasa iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Amesema miaka 54 ameshaingoja, hana haraka, ila anataka awe wa kwanza kwenye orodha. Hakuna orodha. Amebaki amesimama na mkono wake nje, kwa hiyo nimechukua daftari la shule nikamwandika.

Kufikia jioni avenyu nzima imo. Motari amejiandikisha mara mbili. Shefu amekuja kuuliza ni nani aliyeniruhusu kuandikisha watu, akasoma kurasa zote, akaandika jina lake juu ya la Muzee.