Makumbusho, Wawili Tu!

Mgeni anayetaka kuona historia ya Dar es Salaam hukosea pale pale kituoni, anapomwambia konda, "Naenda Makumbusho." Konda hatakudanganya. Atakupakia kwenye lile gari lililobakiza "wawili tu" tangu nusu saa iliyopita, akubane kati ya mama mwenye ndoo ya samaki na mwanafunzi mwenye begi kubwa kuliko yeye, kisha akushushe Makumbusho kweli: stendi ya daladala. Hapo utakuta vumbi, karanga za kukaanga na umati unaogombea gari la kwenda Posta, ambako ndiko ulipaswa kuwa. Ukimuuliza konda fuvu la kale la Zinjanthropus liko wapi, atakutazama kama umemtukana.

Fuvu ni la mjini. Makumbusho ya Taifa yako mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Shuka Posta utembee, na utembee asubuhi. Saa saba mchana jua la mji huu halina adabu kwa mgeni. Jengo lilifunguliwa 1940 kumkumbuka mfalme George wa Tano, ila mfalme usimtafute. Anayefuatwa ni Zinjanthropus, aliyefukuliwa na Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, siku ambayo mumewe Louis alikuwa kambini anaumwa. Ana umri wa miaka milioni 1.75 na magego ya kutisha, ndiyo maana walimtania kuwa ni mbangua njugu. Jina la Zinj linatokana na Zanj, jina walilotumia Waarabu wa kale kuitia pwani yetu. Lile la pili, boisei, ni la Charles Boise, aliyetoa fedha za uchimbaji. Mambo ya mfadhili kutaka jina lake libandikwe hayakuanza na visima vya kijijini kwenu.

Angalizo kwa mliokuja na baba: mtampoteza. Atalipa fuvu dakika moja ya heshima, kisha mtamkuta kwenye magari ya zamani, anaizunguka Rolls-Royce iliyowabeba magavana wa Kiingereza na baadaye Mwalimu Nyerere, mikono nyuma, anawaeleza watu asiowajua habari za injini yake. Mwacheni amalize. Penye kumbukumbu ya waliouawa na bomu la ubalozi wa Marekani, Agosti 1998, hapo utani uishe, na simu ya kujipigia picha irudi mfukoni.

Sasa, kama konda ameshakushusha kule stendi, usilie. Jina la stendi halikuokotwa. Karibu yake, kwenye barabara ya Bagamoyo, kuna Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa 1967, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali. Hatari yake ni kwenda na marafiki. Mimi nilikwenda na Mgogo na Mhaya, na saa moja niliyopanga ikawa tatu. Mgogo aliinama akaingia kwenye tembe, akatoka amenyamaza, akaligusa lile paa bapa la udongo kwa kiganja na kusema bibi yake alikuwa akianika mboga juu yake. Tulikaribia kuguswa. Mhaya akauliza kama hizo mboga zilipata hata mvua. Tulipofika kwenye msonge, nyumba ya nyasi iliyoshuka kutoka kileleni hadi chini kama kofia iliyomzidi mvaaji, ikawa zamu yake: ule wa babu yake ulikuwa mkubwa mara mbili. Mgogo akamuuliza kama ulikuwa na lifti. Bila mtani, Kijiji ni nyasi na udongo tu.

Ukitoka hapo, nyumba ya Mwalimu Nyerere ya Magomeni utaipita bila kuiona ukitafuta kasri. Aliyeacha ualimu Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa hakuwa na fedha za kasri. Boma la Kale, lililojengwa kwa matumbawe zama za Sultani Majid, miaka ya 1860, liko mbele ya bandari. Mlango wake wa nakshi usiuegemee. Umevumilia wengi.

Mwisho ni Sanamu ya Askari, Samora na Maktaba, isiyo na kiingilio wala saa ya kufunga. Wajerumani walimsimamisha hapo gavana wao Wissmann. Waingereza wakamng'oa, akaishia Hamburg, ambako wanafunzi walimwangusha 1968. Huyu wa shaba aliwekwa 1927 na bado ameelekeza singe yake bandarini. Chini yake kuna maandishi ya Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Yasome ukiwa umeshafika katikati, si huku unavuka. Bodaboda wa Samora hawamsubiri msomaji.